Nilivyopuliza Hadi Leseni Ikarudi

Kijana yeyote anayekuja kwangu hapa Mwanga kuuliza habari za udereva, uwe wa lori, wa bajaji au wa bodaboda, kabla sijaitikia shikamoo yake namwambia neno moja: puliza. Wengine hucheka. Wengine hudhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mmoja, mjukuu wa jirani yangu, alinipulizia ametoka kutafuna kitunguu kibichi, nikashinda siku nzima chakula hakipiti. Lakini wote hupuliza, na leo nitawaeleza kwa nini, maana nimestaafu, muda ninao, na habari hii kila nikiisimulia mwili unanisisimka kama ni jana!

Mimi ni Gervasi. Nimeendesha malori tangu nina ndevu tatu hadi zote zimekuwa nyeupe. Nimebeba mawese, chumvi ya Uvinza, saruji, mbuzi, na kwaya ya kanisa iliyoimba njia nzima hadi nikatamani kuwa kiziwi. Katika miaka yote hiyo kuna mwaka mmoja sikuendesha chochote, hata baiskeli. Leseni yangu ilikuwa imefungiwa kwa ulevi. Wala si mara moja niliyokamatwa, ni mbili. Chekeni, mimi mwenyewe nacheka siku hizi. Wakati ule mke wangu Perpetua alikuwa akinipikia bila kunisemesha, na hilo halikuwa na kichekesho.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Nyie mmezaliwa mji umetulia, hamwezi kujua Kigoma ilivyokuwa ikichemka! Warundi wanaingia kwa miguu kupitia milimani, Wakongo wanavuka ziwa kwa boti, na kule ufukweni watu wanashuka na magodoro, kuku, cherehani, masufuria yaliyofungwa kwenye kanga. Mashirika yakaja na magari, na magari yakataka madereva. Dereva wa lori siku hizo alikuwa mtu! Ukipita mtaani unaitwa kwa jina la gari lako. Kazi yetu ilikuwa kuwachukua watu ziwani na kuwapeleka kambini, huko upande wa Kasulu, kisha kurudi kupakia unga na maharage na kuondoka tena.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Sudi, mtu wa Kasingirima, Ujiji, dereva mkongwe mwenye kofia ya kiua na sauti ndogo sana. Huyo bwana hakuwahi kunikemea hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alinifundisha kwamba kubeba watu si kubeba saruji. Nyuma kabisa ya lori, kule kunakopita matairi, ndiko kunakorusha. Kwa hiyo wazee na wajawazito wakae mbele, karibu na kichwa cha gari, na nyuma wakae vijana wenye viuno vya kustahimili. Mlima unaoteremka, teremka na gia ile ile ambayo ungeupandia. Ukifuata gari jingine kiangazi, acha nafasi vumbi litulie, maana wewe una kioo na abiria wako wana macho tu. Na kila baada ya mwendo fulani simama, zunguka nyuma, hesabu vichwa, uliza kama kuna anayetapika. Mpaka leo nikipanda gari la mtu asiyesimama kuangalia nyuma nashuka.

Sasa ulevi uliingia wapi? Uliingia kwa heshima, mtashangaa. Kwetu Uha mgeni anawekewa mtungi wa pombe ya ndizi na mrija. Mnazunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, mnavuta, mnazungumza. Na mimi kila kijiji nilikuwa mgeni! Hapa nimeleta maharage, mtungi. Pale nimempa mzee lifti jana yake, mtungi. Nilikuwa nikijiambia ninakunywa kwa adabu. Kwa adabu hiyo hiyo, alasiri moja, nikaingiza lori lenye magunia ya maharage kwenye mtaro pale Mwandiga, gari likalala ubavu, na mzigo ukamwagika kwenye uwanja wa nyumba. Na nyumba yenyewe! Katika nyumba zote za Mwandiga, ilikuwa nyumba ya wakwe zangu.

Hapo lazima niwaambie habari za mama mkwe wangu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Akipita njia hii wewe pita ile. Akiwa na la kukuambia atamtuma mtu. Nilikuwa nimemuoa binti yake miaka tisa, na sijawahi kumsogelea karibu hata kuyajua macho yake. Ni mwanamke mnyoofu kuliko rula. Maharage yale aliyakusanya yote uwanjani mwake, akayapepeta mchanga, akayarudisha kwenye magunia, hakubakiza hata ya kuonja chumvi. Kisha akaja sajini wa usalama barabarani. Jina lake nalihifadhi, nitamwita Sajini tu. Akauliza kama dereva amekunywa. Watu wote wakaangalia chini. Mama mkwe, akiwa amejifunika kanga uso na amesimama nyuma ya mlango, akasema kwa sauti iliyosikika barabarani: "Afande, mkwe wangu ananuka pombe mpaka huku."

Hiyo ikawa kesi ya kwanza. Nikatozwa faini, nikaonywa, nikaendelea. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi niliacha kupitia Mwandiga nikiwa nimekunywa, nikaona huko ndiko kuacha.

Ya pili sipendi kuisimulia, ila bila hiyo hamtaelewa. Siku hiyo tulikuwa tunapakia watu walioshuka boti kutoka Kongo. Nilikuwa nimepitia mahali kabla ya kazi. Abiria wamepanga foleni, wamechoka, na wa kwanza ni bibi mmoja mfupi mwenye fimbo. Baadaye nikalijua jina lake, Bibi Feza, wa kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Nikamnyooshea mkono nimpandishe. Akaukamata, akanivuta karibu, akanusa. Halafu akaniachia.

"Baba, mimi sipande mu gari ya mulevi," akasema. "Nimevuka hii ziwa na mawimbi yake. Watoto wangu wawili walibaki kule, hawatavuka tena. Nikufie huku kwenye udongo mukavu juu ya pombe yako? Hapana."

Akakaa chini, mbele ya tairi! Na waliokuwa nyuma yake wakakaa pia, mmoja mmoja, foleni nzima. Sajini alikuwa getini, akaja kuona kwa nini watu wamekaa chini.  Nilimpa ufunguo mwenyewe.

Hakimu hakunichekea. Faini tena, na leseni ikafungiwa mwaka mzima. "Na mwaka ukiisha," akasema, "usidhani itakufuata nyumbani. Utakuja kuiomba. Utaleta barua ya mwajiri na barua ya mtaa, utaleta cheti cha daktari, halafu utapimwa upya kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani." Mkuu wetu wa magari pale shirikani hakunifukuza, nadhani kwa sababu ya Mzee Sudi. Alinipa ndoo na brashi. Mwaka mzima nikaosha malori, likiwemo langu, ambalo sasa lilikuwa la mtu niliyemfundisha mimi kubadili gia.

Asubuhi ya kwanza ya ndoo Mzee Sudi alikuja akasimama mbele yangu. "Gervasi, puliza." Nikadhani utani. Akainamisha pua yake, akavuta taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayenunua dagaa Kibirizi na hataki kuuziwa wa juzi. "Haya, osha." Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Mvua, jua, Ramadhani yeye amefunga, anakuja: puliza! Wenzangu walikuwa wakitoka ofisini kuja kutazama. Wiki za mwanzo nilikuwa namchukia. Mwezi wa tatu nikajikuta namsubiri getini. Siku moja alichelewa, nikatembea kwa miguu hadi Kasingirima kumtafuta, nikamkuta kitandani na homa. Alipoona ni mimi akasema, "Sogea," nikapuliza, akarudi kulala.

Vijana, kama nanyi mmefungiwa leseni, msinijie kuuliza nani anajuana na nani pale ofisini. Mimi nilipita mlango wa mbele, na njia yake ni hii. Mwaka ukiisha nenda mahakamani mapema kabla karani hajachoka. Usijitetee, umeshahukumiwa, omba tu. Karatasi zako ziweke kwenye mfuko wa nailoni, maana barua yangu ya kwanza ya mtaa niliiweka mfuko wa suruali pamoja na kipande cha samaki mkavu, na mwenyekiti alipoiona jinsi ilivyo akakataa kuigongea muhuri. Kwa daktari sema kweli. Yeye ataona tu kwenye macho na kwenye mikono. Nilipompa mikono akaiangalia, akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia idadi ya miezi, naye akaandika.

Halafu ikaja ile herufi nyekundu ya mwanafunzi, nyuma na mbele ya gari! Jamani! Mimi, dereva niliyevuka mito ya Kasulu masika, napita mjini na herufi ya mwanafunzi, Mzee Sudi kando yangu kama mwalimu, na kila lori linalopishana nasi linapiga honi ya kunicheka. Wanawake wa sokoni wakawa wananiita "mwanafunzi" hadi wengine wakasahau jina langu. Lakini mimi sikujali hata kidogo, maana usukani ulikuwa mkononi! Mtu aliyeosha gari mwaka mzima, akilisikia likiitikia mguu wake, anaweza kulia. Nililia. Mzee Sudi akatazama dirishani.

Mtihani wenyewe alikuwa akiupima yule yule Sajini. Alikuwa na mtindo wake: anakusimamisha katikati ya mlima, anashuka, anaweka kiberiti nyuma ya tairi, anakuambia ondoka. Ukirudi nyuma hata kidogo, kiberiti kimekwenda, na wewe umekwenda. Mara ya kwanza nilikuwa na msisimko mwingi mno, nikaachia breki mapema, nikakisaga. Sajini akaokota vipande. "Nimekuja na kimoja tu," akasema, "rudi wiki ijayo." Wiki hiyo nilifanya mazoezi mlimani hadi Perpetua akaanza kuficha viberiti vya nyumbani. Ijumaa nikarudi. Nikasikiliza injini, nikaingojea ile sauti inapozama kidogo klachi inaposhika, nikaachia breki polepole, lori likapanda. Sajini akakiokota kiberiti kizima, akawashia sigara.

"Umefaulu," akasema. "Jumatatu asubuhi njoo nisaini."

Na Jumatatu hiyo hiyo ndiyo mkuu wa magari alikuwa amenipa kama mwisho. Kulikuwa na msafara mpya, malori yameongezwa, na nafasi moja alikuwa amenishikia. "Ukija na leseni Jumatatu, gari ni lako," aliniambia. "Usipokuja, Jumanne natangaza, na sitakushikia tena." Siku mbili tu zilikuwa zimebaki. Nilimtuma Perpetua akamwambie mama yake kwamba siku nitakayopita Mwandiga na watu garini nitapiga honi mbele ya nyumba yao hadi kuku watage. Jibu likarudi: kuku wake hawahitaji msaada.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kufika!

Jumamosi ilikuwa sherehe ya mdogo wake Perpetua, wakwe wapya wanakuja Mwandiga kupokewa. Sikuweza kukosa, mimi ndiye mkwe mkubwa wa nyumba ile. Nikamwomba Mzee Sudi anisindikize. Hatari niliijua: mtungi. Kwetu, katika shughuli kama hiyo, mkwe mkubwa ndiye anayeanza kuvuta. Ukikataa mrija wa baba mkwe, hawasemi umeacha pombe. Wanaelewa una kinyongo na nyumba yao, na hilo litaitiwa wazee. Kwa hiyo tulipanga na Perpetua awahi kumnong'oneza baba yake. Perpetua akawahi kweli, akavutwa jikoni, akasahau kabisa!

Nikaja nikakalishwa. Mtungi katikati, mirija imesimama, baba mkwe, Mzee Ruhaga, ananikabidhi wa kwangu kwa mikono miwili. Watu wote wananitazama. Nikitazama upande wa wageni namwona mjomba wa bwana harusi, amevaa shati la kitenge, tayari ana mrija mdomoni na anavuta kwa raha. Mawe, mama yangu! Alikuwa Sajini!

Alikuwa hajaniona. Mrija uko mkononi mwangu. Nikikataa, nimemtukana baba mkwe mbele ya wageni. Nikivuta, mwaka mzima wa ndoo na pua ya Mzee Sudi unakwenda na maji. Ndipo wazo likanijia, na wakati ule niliona hakuna mtu mwenye akili kunizidi: sitavuta, nitapuliza! Mtungi utatoa mlio, watajua mkwe anakunywa, na tumboni halijaingia tone.

Nikapuliza.

Nani kati yenu ameona pombe ya ndizi iliyochachuka vizuri ikipulizwa na mtu aliyezoea kupuliza mirija ya dizeli iliyoziba? Mtungi ulinguruma. Povu likapanda, likafika shingoni, likamwagika nje, likalowesha viatu vya baba mkwe, na mirija ya wenzangu ikarusha. Sajini alikuwa amevuta wakati huo huo. Ilimtokea puani.

"Yemwe!" baba mkwe akaruka. "Nani anaupuliza mtungi wangu kama anawasha kuni mbichi?"

Sajini akajifuta povu, akainua macho, akanikuta nimekaa mbele yake na mrija bado uko mdomoni.

"Gervasi."

"Afande."

"Hiyo ni nini?"

"Mrija, afande."

"Na Jumatatu unataka nini mezani kwangu?"

"Leseni, afande. Lakini sikuvuta! Nilikuwa napuliza!"

"Kila mlevi niliyemkamata hakuvuta," akasema.

Nilisimama.  "Nipime hapa hapa!" Nikamsogelea, nikampulizia mbele ya wageni wote. Akanusa. Akanusa tena. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Siwezi kusema kitu. Mimi mwenyewe nimeanza tangu saa saba. Leo pua yangu inasikia ndizi hata kwenye ukuta."

Tukatazamana. Uwanja mzima ulikuwa umekunywa! Mzee Sudi akainua mkono taratibu kutoka kwenye mkeka wa wasiokunywa, alikokaa peke yake. "Mimi nipo, afande."

"Wewe ni mwalimu wake," Sajini akasema. "Mwalimu hajisahihishii mtihani."

 Nikaiona Jumatatu inaondoka, naiona na ndoo yangu ikirudi. Ndipo sauti ikatoka mlangoni kwa jikoni, sauti ile ile iliyonipeleka mahakamani mara ya kwanza.

"Mimi sinywi."

Wanawake waliguna. Mama mkwe amnuse mkwe wake? Haijapata kutokea!  Lakini Sajini akapiga goti lake kwa kofi na kusema kwamba pua hiyo anaijua, alishaitumia, haina upendeleo. Wazee wakashauriana kwa haraka, na Kiswahili kikawaishia wakahamia Kiha, hadi ikaamuliwa: sawa, ila pazia liwepo. Wanawake wawili wakaishika kanga wakaitandaza wima katikati ya uwanja. Mama mkwe akaja upande ule. Mimi nikapiga magoti upande huu. Niliona vidole vyake vya miguu tu chini ya kanga.

"Puliza," akasema.

Nikapuliza. Kanga ikatuna upande wake. Akavuta pumzi.  Kuku wakaacha kuparua, au mimi ndiye nilikuwa sisikii.

"Tena."

Nikapuliza tena, kwa nguvu zangu zote, na roho yangu yote ilitoka na pumzi ile. Huyu ndiye aliyeokota maharage ya watu punje kwa punje. Kama kungekuwa na harufu ndogo kiasi cha punje moja, angeisema. Nilijua hilo, na Sajini alijua.

"Ananuka maharage," akasema mama mkwe. "Maharage yangu ya mchana huu, na kitunguu. Pombe hamna."

Vigelegele! Watu waliinuka, Mzee Sudi alikitupa kikofia chake juu na kukidaka, Perpetua akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, ndipo akakumbuka alichosahau, akajishika kichwa. Baba mkwe akauondoa mrija wangu kwa mkono wake, akaagiza niletewe maji ya ndizi matamu, yale ambayo hayajachachuka, kwenye bilauri kubwa. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Upande wa pili wa kanga nikamsikia mama mkwe akisema kwa sauti ya chini, maneno yake ya kwanza kwangu mimi peke yangu tangu nimuoe binti yake: "Hivyo hivyo, mkwe. Usirudi nyuma."

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Sajini akanitazama, akaitazama karatasi, akasaini. "Mahakama ina mashahidi wa kuapa," akasema. "Mimi nina mama mkwe wako." Nikakimbia. Sikutembea, nilikimbia, mtu mzima na leseni mkononi, kutoka pale hadi kwa mkuu wa magari, na kila aliyeniita "mwanafunzi" njiani nilimwonyesha.

Safari ya kwanza nilipewa kwenda kambini kuchukua wagonjwa na kuwaleta hospitali ya mkoa. Wakati wa kwenda nilipita Mwandiga na gari tupu, na gari tupu sikutaka kulijivunia. Honi niliiweka ya wakati wa kurudi. Kule kambini walikuwa wamekaa kivulini, majina yanaitwa. Jina la nne nikalisikia: Feza. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yameingia ukungu, ndiyo yaliyokuwa yanampeleka hospitali, na alitembea akigusa njia kwa fimbo. Akafika mlangoni, akasimama.

"Dereva ni nani?" akauliza.

Ningeweza kusema jina langu tu. Asingenijua. Macho yake yasingemwambia.

"Ni yule wa siku ile ya boti, bibi," nikasema. "Yule uliyemkatalia."

"Ule mulevi?"

"Ndiye mimi."

 Bibi akanyoosha mkono akapapasa hadi akalipata bega langu, akanivuta chini, jinsi alivyonivuta siku ile.

"Puliza, baba."

Nimepulizishwa na kunuswa na Mzee Sudi mwaka mzima, na Sajini, na mama mkwe kwenye kanga. Sikuwahi kuogopa kama hapo. Nilipuliza. Hakufanya haraka. Kisha akanikabidhi fimbo yake nimshikie, akanyoosha mkono mwingine nimpandishe. Nikamweka mbele, kando yangu, kwenye kiti ambacho hakirushi.

Niliendesha siku ile kama nimebeba mayai. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, nilitaka kuimba! Kila mlima niliuteremka na gia yake. Nikasimama, nikazunguka nyuma, nikahesabu vichwa, nikarudi. Tulipokaribia Mwandiga nikamwona baba mkwe barabarani, na uwanjani kanga ya mama mkwe, na kuku. Walikuwa wananisubiri, Perpetua alikuwa amewaambia. Mkono ukaenda kwenye honi. Honi niliyoiwaza mwaka mzima nikiwa na ndoo!

Nikageuka kumwangalia abiria wangu. Kichwa kilikuwa kimeegemea mlango, mdomo wazi. Bibi Feza alikuwa amelala.

Nikautoa mkono kwenye honi, nikawapungia tu, nikapita polepole.